Fizi Zisizotoa Damu

Kitu kilichoanza kumkera Ndeshi asubuhi ile ni kwamba bibi hakutoka damu.

Hata tone. Bibi Aisiaeli alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo umeachama mpaka kimio kinaonekana, na Jicho, ile mashine ya kupimia fizi, linazunguka taratibu juu ya meno yake likimulika ule mwanga wake wa buluu. Jicho halikugusi. Linamulika, linapiga hesabu zake, halafu namba zinapanda kwenye kioo cha ukutani. Kazi ya Ndeshi ilikuwa kuzisoma kwa sauti, basi.

"Juu kulia, jino la kwanza," akasoma. "Sita, sita, saba."

"Nimesikia," akajibu Daktari Mwasumbi, upande wa pili wa kiti.

Kinasa sauti ukutani kikawasha taa ya kijani. Nacho kimesikia.

"Jino la pili. Sita, saba, sita."

"Nimesikia."

Hiyo ndiyo Sheria ya Sauti. Mashine zilipoanza kuamua nani apasuliwe wapi, kuna watu walipasuliwa pasipostahili, na kila daktari aliyeulizwa alijibu mashine ndiyo imesema. Bunge likachoka na hilo jibu. Likapitisha kwamba mashine ipime itakavyo, lakini kisu hakimgusi mtu mpaka binadamu mwenzake azitamke zile namba kwa mdomo wake, sauti ihifadhiwe na jina lake. Ndiyo maana kila kliniki ikawa na msomaji. Ndeshi alikuwa amemaliza kidato cha sita, amekaa nyumbani mwaka mzima anapanga nyanya kwenye matenga, mikono imekuwa ya kijani mpaka kucha. Nafasi ilipotoka alikimbia. Kusoma namba, we! Kazi gani hiyo ya kukataa?

Sasa ulikuwa mwezi wa saba, na namba zilishaanza kumkaa kooni.

Maana fizi mbovu aliijua. Hakuijua kwa kusoma, aliijua kwa mama yake. Fizi za mama zilikuwa nyekundu, zimevimba, ukizigusa na mswaki povu linatoka jekundu. Asubuhi foronya ina madoa. Meno mawili ya chini yalikuwa yanacheza, mama anayasukuma na ulimi huku anaongea, na ugali alishaanza kuutafunia upande mmoja. Huo ndio ugonjwa. Ukoga unakaa kwenye shingo ya jino, unaganda unakuwa ugaga mgumu kama saruji, fizi inaukimbia, inaachia jino, panakuwa na mfuko. Uchafu unashuka kwenye mfuko mpaka unafika kwenye mfupa wa taya na kuanza kuula. Mtu mzima wa afya, mfuko wake ni milimita moja, mbili, tatu. Sita ni mgonjwa. Sita ni kisu.

Fizi za Bibi Aisiaeli zilikuwa zimekaza kama za mtoto. Meno yake ya kahawia, sawa. Lakini mtu mzima wa hapa Ngarenanyuki asiye na meno ya kahawia ni nani? Kabla bomba la maji safi halijafika, watu walikunywa maji ya mlimani yaliyojaa floraidi tangu wakiwa wachanga, na meno yakaota yameshapakwa rangi. Ukicheka mjini wanajua umetokea wapi.

"Bibi, ukipiga mswaki unatoka damu?" Ndeshi akauliza. Haikuwa kazi yake kuuliza.

Bibi akageuza macho bila kugeuza kichwa. "Damu ya nini? Jana nimetafuna mahindi ya kuchoma, tena yale yaliyokomaa. Wewe ungeyaweza?"

Daktari akakohoa. "Msomaji, endelea."

Akaendelea. Sita, sita, saba, mpaka jino la mwisho. Kadi ya afya ya bibi ikalia mfukoni mwake: siku kumi na nne apasuliwe, asipopasuliwa kadi inafungwa. Wakubwa walishaamua kwamba fizi mbovu zinachochea sukari na kusumbua moyo, kwa hiyo mdomo wa mtu haukuwa wake peke yake tena.

Bibi akashuka kwenye kiti, akaipangusa kadi yake na kanga kama vile imeingia vumbi.

"Ni wewe umesema sita?" akamuuliza Ndeshi.

"Ni mashine, bibi."

"Nimesikia sauti yako lakini."

Akatoka.

Ndeshi akabaki anahesabu kichwani. Tangu Jicho lifike alikuwa amesoma watu sitini na tatu. Hamsini na tisa wamepata sita kwenda juu. Wanne walionusurika wote walikuwa mafundi wa bomba, wageni kutoka sijui wapi, meno meupe pe. Yaani ugonjwa unachagua wenyeji? Kwenye vibanda vya nyanya watu walishaanza kusema. Mmoja anasema ule utando wanaopandikiza kwenye fizi una masikio ndani yake. Mwingine anasema wanaiba mfupa wa taya, wanasaga. Ndeshi alikuwa anawacheka. Asubuhi ile hakucheka. Alimtazama Daktari Mwasumbi akinawa mikono, mgongo kaugeuza, na akajiuliza mtu huyu anawatafutia nini midomoni mwao.

*

Saa nne Daktari aliitwa kwenye simu ofisini. Ndeshi akafunga mlango wa chumba cha vipimo, akapanda kiti mwenyewe.

Akalivuta Jicho juu ya uso, akaachama, akabonyeza. Mwanga wa buluu ukapita. Akageuza macho kwenye kioo.

Sita. Sita. Saba. Sita.

Ina maana na yeye? Akapitisha ulimi kwenye fizi, akabonyeza kwa kidole, akakitazama kidole. Mate tu. Akarudi kwenye kioo, akafuata mstari wa namba jino kwa jino, na pale katikati juu, jino la mbele la kushoto, akakuta namba peke yake kama imepotea njia.

Mbili.

Kulia kwake sita, kushoto kwake sita, yenyewe mbili.

Jino hilo halikuwa jino hasa. Kidato cha pili aliteleza kwenye ngazi za bweni, likavunjika, akavishwa kofia ya bandia. Kofia yenyewe nyeupe kuliko meno yote, shule nzima walimwita Taa Moja mpaka siku ya mahafali. Sasa inawezekanaje fizi moja ikawa nzima juu ya jino la bandia, halafu majirani zake wote wanaoza?

Akaikuza picha. Jicho huwa linachora kamstari kekundu kuonyesha limeanzia kupima wapi. Linatakiwa lianzie pale weupe wa jino unapoishia na mzizi kuanza, lishuke mpaka pale fizi inaposhika. Kwenye jino la bandia kamstari kalikaa pale pale kwenye ukingo wa fizi, sawasawa kabisa. Kwenye meno yake mengine kalikaa katikati ya jino. Juu huko. Pale pale weupe ulipokwisha na kahawia kuanza.

Ndeshi akakaa kitako.

"Linadhani kahawia ni mzizi," akasema peke yake.

"Shuka kwenye hicho kiti."

Daktari Mwasumbi alikuwa mlangoni. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mrefu, wa maneno machache, mwaka wa tatu sasa yuko pale na bado watu walimwita mgeni. Ndeshi hakushuka.

"Daktari, shikamoo tena. Njoo uone jino langu."

"Nimekwambia shuka."

"Jicho limefundishwa na midomo ya watu wenye meno meupe. Halijawahi kuona maji yetu. Linakuta kahawia linasema huo ni mzizi, fizi imeukimbia. Linatuongezea nne, Daktari. Kila mtu linamuongezea nne!"

Alitegemea atashtuka. Mtu akiambiwa kitu kama hicho anashtuka, anasogea kwenye kioo, anasema haiwezekani. Daktari hakusogea. Aliurudisha mlango nyuma yake polepole mpaka ukabana.

Hapo ndipo Ndeshi alipoogopa kweli.

"Ulikuwa unajua."

Daktari akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa kijiti cha chuma chembamba, ncha butu, kina alama nyeusi za milimita. Vitu vya zamani. Ndeshi alishaviona kwenye picha tu.

"Achama," akasema Daktari.

"Ili iweje?"

"Achama, Ndeshi."

Akaachama, macho yamemtoka. Kijiti kikateleza katikati ya jino na fizi, kikagota mapema, bila maumivu.

"Mbili," akasema Daktari. Akasogeza. "Mbili. Tatu. Mbili. Huna kitu. Una fizi za kuuza."

"Kumbe unatembea nacho!"

"Natembea nacho tangu mwezi wa tatu. Nikishawapiga ganzi, nawapima tena kimyakimya."

"Halafu?"

"Halafu nawapasua."

Alisema hivyo hivyo, bila kushusha sauti. Akavuta kigoda akakaa, magoti yamepanda juu, akaanza kuongea akiwa anaangalia sakafu.

"Mgonjwa wa kweli ukimfungua fizi, ukaikunjua na kuitenga na mfupa, unakuta mashimo. Ugaga mweusi umeganda kwenye mizizi. Unakwangua, unasafisha, unalaza utando juu ya mfupa, unarudisha fizi, unashona. Ule utando ni chembe hai. Ndani ya miezi mitatu mfupa unaota upya. Unaota, Ndeshi! Nilivyosoma mimi chuoni mfupa ukishaliwa umekwenda. Nimeshawafanyia kumi na moja wa namna hiyo hapa. Watu waliokuwa wanakunywa uji sasa wanatafuna nyama."

"Na hao wengine arobaini na kitu?"

"Nikiwafungua nakuta mfupa mzima, msafi. Nauweka utando hivyo hivyo kwa sababu mfumo unahesabu. Nashona."

"Inawafanya nini?"

Daktari akakigeuza kijiti vidoleni. "Fizi nzima ukiikata inapona ikiwa imerudi nyuma kidogo. Mzizi unachungulia. Maji baridi yanauma."

Ndeshi akakumbuka watu. Mama mmoja wa kule juu kwenye mashamba, alimkuta wiki iliyopita bombani akiyapasha maji kwenye kiganja kabla ya kunywa. Ndeshi ndiye aliyemsoma. Saba, saba, sita. Sauti yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliandika. Kampuni yenye Jicho ikajibu mashine bado inajifunza, tuendelee, kadiri tutakavyofungua ndivyo itakavyojua."

"Inajifunzia kwetu."

"Inajifunzia kwenu."

"Na wewe ukaendelea."

"Nikipiga kelele wanafunga kila kitu, na jokofu la utando wanafunga. Wale kumi na moja wangekuwa mapengo. Nikasema ngoja nimalize mgonjwa wa kweli mmoja. Akaja mwingine. Kila mwezi hakosekani mmoja." Akainua uso. "Mwezi huu ni mama yako. Saa nane mchana. Sijampima na Jicho tu, nimempima na hiki. Nane, tisa, nane. Akikaa mwaka bila utando, meno ya chini yote yanaondoka."

Nje benchi lililia, watu wanakaa. Mama yake alikuwa miongoni mwao, alikuja mapema kama kawaida yake, na kitenge kipya utadhani anakwenda kuposwa.

"Kabla yake kuna mmoja tu," akasema Daktari. "Saa tano. Msome kama kawaida. Mama yako akishashonwa, kesho asubuhi tunakwenda wote wawili kusema. Nakuahidi."

"Huyo mmoja aje kesho basi."

"Foleni haipangwi na mimi. Msomaji akiruka mtu, mfumo unafuta wote wa siku hiyo. Unajua."

Alijua. Alimtazama Daktari usoni akitafuta kama anasema kweli kuhusu kesho. Miezi minne mtu huyu amekuwa na kesho yake mfukoni pamoja na kijiti.

"Nipe hicho kijiti," akasema.

"Cha nini?"

"Nipe."

Akampa.

*

Mtu wa saa tano alikuwa Kaanaeli.

Aliingia akicheka, na Ndeshi alitamani angekuwa mtu mwingine yeyote. Kaanaeli alikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza wa bendi ya usharika. Harusi isiyokuwa na Kaanaeli watu waliiita kikao. Alikuwa na midomo minene yenye alama ya duara katikati, pale tarumbeta lilipokaa miaka kumi na miwili, na meno ya kahawia iliyoiva kuliko ya mtu yeyote kijijini.

"Dada Ndeshi, habari ya kututisha?"

"Salama. Lala."

"Nimeambiwa wote wanaoingia humu wanatoka na sita. Mimi nipe hata tano, nina harusi Jumamosi."

"Lala, Kaanaeli."

Akalala, miguu mirefu imetokeza nje ya kiti. "Daktari, swali moja. Ukinikata hapa juu mbele, nitapuliza lini tena?"

Daktari alikuwa anavaa glavu. "Miezi mitatu ya kwanza usijaribu."

"Na baada ya hapo?"

"Inategemea fizi itakavyorudi."

"Inategemea." Kaanaeli akamgeukia Ndeshi. Kicheko kilikuwa bado mdomoni lakini machoni kilishaondoka. "Neno hilo fundi gari akikwambia, ujue gari limekufa."

Jicho likashuka. Mwanga wa buluu. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo, zimejipanga kama askari. Taa ya kinasa ikawa njano: inasubiri sauti.

Ndeshi akafungua mdomo.

Akamwona mama yake, hakuhitaji hata kufumba macho. Anasukuma jino kwa ulimi, anageuza tonge kwenda upande mzima, anacheka huku amefunika mdomo na kiganja kama msichana. Mwezi mmoja tu uliopita mama alikuwa amesema, "Nikipona nitacheka mpaka majirani wahame." Utando wake ulikuwa kwenye jokofu la chumba cha pili, umeshatolewa kwenye tangi la kuoteshea, una siku mbili za kuishi. Mlango mmoja tu katikati. Meno thelathini na kitu ya kusoma, jambo la dakika nne. Midomo hamsini na tisa ameshaisoma hivyo hivyo, sasa huyu mmoja ana nini?

Ana hili, kwamba sasa Ndeshi anajua. Ndicho alichokuwa nacho.

"Msomaji," akasema Daktari, kwa sauti ya chini sana.

Ndeshi akavaa glavu. Akakichukua kile kijiti, akakipangusa kwa dawa, akainama. Akaegemeza mkono kwenye kidevu cha Kaanaeli. Aliwahi kuona Daktari anavyofanya mara moja tu, asubuhi ile ile, tena mdomoni mwake mwenyewe. Akaingiza ncha katikati ya jino na fizi, akaisikilizia ikigota.

"Juu kulia, jino la kwanza," akasema kwa kinasa. "Mbili."

Taa ikakaa njano.

"Mbili. Tatu."

Ikawa nyekundu. Kioo kikaandika kwamba sauti na kipimo havilingani, msomaji arudie.

"Ndeshi," Daktari akasema. "Fikiria vizuri."

"Nasikia, Daktari. Jino la pili. Mbili, moja, mbili. Hakuna damu."

"Dada, kuna nini?" Kaanaeli akauliza mdomo wazi, maneno yanatoka yamevimba.

"Usifunge. Jino la tatu. Mbili, mbili, mbili. Hakuna damu."

Akaenda nayo hivyo mpaka mwisho. Mashine ilimwambia arudie mara tatu, ya nne ikanyamaza. Alipofika jino la mwisho, chini kushoto, akajitaja jina lake lote mpaka la babu kama sheria ilivyotaka, na akaongeza kitu ambacho sheria haikutaka.

"Na wale hamsini na tisa niliowasoma kabla ya leo, mimi ndiye niliyesoma, na sikuwapima. Wapimwe upya kwa mkono."

Kutoka chumba cha pili kukasikika mlio mfupi, chuma kikiingia ndani ya chuma. Jokofu limejifunga, kama mfumo unavyofanya sauti na kipimo vikikataana. Lingefunguliwa na wakaguzi, na wakaguzi wangetoka Dodoma watakapopenda.

Daktari Mwasumbi akavua glavu moja, halafu ya pili, akazishika hajui azitupe wapi.

"Sasa umefanya," akasema. Ndeshi hakuelewa kama analaumiwa au anashukuriwa, na hakutaka kuuliza.

*

Kaanaeli mtu wa pumzi, siri haikai kwake. Kabla Ndeshi hajamaliza kunawa, alishasikia sauti yake kule nje: "Mashine yao kipofu! Inaona kahawia inasema mmeoza!" Benchi likalipuka. Mtu anauliza, na sisi tulioshonwa je? Mwingine anapiga mlango kwa kiganja, Daktari atoke, atoke aseme.

Daktari akatoka kweli. Akasimama mbele yao mikono chini, akasema ni kweli, na alikuwa anajua. Kelele zilivyopanda hapo, hata vifaranga vya jirani vilinyamaza. Bibi Aisiaeli alikuwa bado hajaondoka. Alimsogelea Daktari mpaka karibu, akamtazama kwa kumpandisha na kumshusha, kisha akachana kadi yake mbele ya macho yake, kadi ngumu ile, kwa meno.

Ndeshi akapita pembeni mwa watu. Mama yake hakuwa amesimama. Alikuwa mwisho wa benchi, kitenge kimenyooshwa juu ya magoti, pochi mapajani, kama mtu ambaye zamu yake bado ipo.

Ndeshi akakaa.

"Mama."

"Nimesikia kitasa cha jokofu," mama akasema. "Nimeuliza mfagiaji wa hapa ni nini, kaniambia. Utando wangu umo humo?"

"Umo."

"Utaishi mpaka wafungue?"

"Hautaishi."

Mama akatikisa kichwa polepole. Ulimi ukapita nyuma ya mdomo wa chini, ukasukuma lile jino, ukaliacha.

"Angekatwa yule kijana mzima," Ndeshi akaanza. "Mama, nisingeweza. Na wengine hawa wote, nimewasoma mimi, kila mmoja..."

"Sijakuuliza hilo. Hilo umefanya sawa."

"Sasa mbona..."

"Nilikuwa hapa." Mama akagonga benchi na kidole. "Hatua ngapi kutoka huo mlango? Kumi? Ulikuwa unajua kabla hujamsoma yule kijana. Ungetoka ukaniambia, mama, mambo ni hivi na hivi, nikisema ukweli meno yako yanaondoka. Mimi ningekwambia kaseme. Ningekwambia, Ndeshi! Lakini ungeniuliza. Hawa wamekatwa bila kuulizwa. Na mimi nimeamuliwa bila kuulizwa, tena na mwanangu, na mdomo ni wangu."

Ndeshi alikuwa na majibu matatu kichwani. Muda ulikuwa mfupi. Daktari alikuwa pale. Foleni. Yote akayaona ni yale yale ambayo Daktari alikuwa amempa yeye.

"Nisamehe, mama."

"Hiyo tutaongea nyumbani. Sasa kuna njia gani nyingine?"

Daktari alikuwa amewaacha watu wakiandika orodha ya walioshonwa, amesogea, amesimama hatua mbili nyuma kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa.

"Ipo ya zamani, mama," akasema. "Haihitaji Jicho wala jokofu. Sheria ya Sauti ni ya mashine, mikono haiihusu. Nakufungua fizi, nakwangua mizizi kwa mkono, nasafisha, nashona. Mfupa uliokwisha hautaota tena. Lakini unaacha kuliwa. Meno mawili ya mbele chini yanaweza kuondoka. Mengine nadhani yatakaa."

"Unadhani."

"Nadhani. Sijaifanya mwaka wa tisa sasa."

Mama akamtazama muda mrefu, jicho moja limefinywa, vile alivyokuwa akimtazama dalali wa nyanya. Halafu akamgeukia binti yake.

"Niulize," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Niulize kama wanavyoulizwa watu."

Ndeshi akakaa sawa, akamkabili.

"Mama, meno yako mawili yanaweza yakaondoka, na mfupa hautarudi. Unataka Daktari akufungue fizi kwa njia ya zamani, leo, au unataka kungoja? Ukisema hapana, twende nyumbani."

Mama alikuwa anaangalia mikono ya Daktari, ile iliyoning'inia ubavuni.

"Anatetemeka huyo," akasema.

Ndeshi akageuka akaangalia. "Kidogo."

"Basi kampe chai kwanza. Ya maziwa, na sukari ya kutosha, aketi ainywe yote." Akaweka pochi pembeni, akaanza kufungua kilemba. "Akiacha kutetemeka, mniite."